Panya Aliyekataa Kuamka

Katika miaka ya sabini nilikuwa msaidizi wa maabara Nairobi, na kazi yangu ilikuwa kulaza panya. Nilimnywesha panya maji ya mmea, nikamdunga sindano ya usingizi, kisha nikamlaza chali na kushika saa. Akijigeuza, ameamka. Mmea unaotuliza humchelewesha.

Nyumbani kwetu, kijijini Manga, dada yangu mkubwa alikuwa amezika mtoto wake wa pekee, akarudi kwa mama, akawa hasemi wala hali chakula. Bibi yetu, mganga, alimchemshia dawa: kijiko asubuhi, kijiko jioni. Mama alitaka kuongeza, bibi akakataa. Mimi nikajitia msomi, nikaomba nikaipime. Bibi alinipa furushi la majani na magome.

Nilichemsha majani. Panya waliamka kwa wakati wao wa kawaida. Siku hiyo hiyo nikaandika barua: dawa hii ni majani ya bure, mpeni hata kikombe kizima, haidhuru wala haisaidii. Nilijiona bingwa.

Wiki iliyofuata nikapima magome, ili tu nisiyatupe. Panya wa kwanza alilala mara mbili ya kawaida. Wa pili nilimzidishia kidogo, nikamngoja mpaka chai ya saa nne ikapita. Nilipomgusa alikuwa wa baridi.

Hapo nikakumbuka jambo ambalo hata watoto wa kwetu wanalijua. Mganga akichuma dawa huchuma na majani yasiyo na kazi, ayaweke juu, ili anayemnyemelea kumwibia siri aondoke na hayo. Bibi hakunidanganya. Alifunga furushi lake kama siku zote, na mjinga nilikuwa mimi. Barua ilikuwa imeshafika.

Niliomba ruhusa nikasafiri. Kilima cha Manga nilikipanda nusu nikikimbia, masikio yakitafuta kilio. Walionisalimia njiani niliwaitikia bila kusimama, kwa kuogopa kupewa pole.

Dada alikuwa mlangoni akimenya ndizi. Niliketi chini kando yake.

“Barua yangu ilifika?”

“Ilifika.”

“Nani aliisoma?”

“Nani mwingine hapa anajua kusoma?”

Sikuwa nimelifikiria hilo hata kidogo. Niliona aibu.

“Ukamwambia mama nini?”

“Nilimwambia umesema dawa ni kali. Aifungie kwenye sanduku, na ufunguo akae nao yeye.”

“Lakini sikuandika hivyo.”

“Najua ulichoandika.” Alichukua ndizi nyingine. “Mimi ndiye ninayeinywa. Kijiko kimoja tu kinanilegeza mwili mzima. Mama angeniachia hicho kikombe chako, ningekimaliza. Nilijiogopa.”