Goti Lililomponza Enoch Tranter

Saa tano kasorobo asubuhi, Enoch Tranter anasukuma kigari chake cha barua hadi kwenye kichochoro kilicho nyuma ya kanisa la Wamethodisti, hapa Bilston, Uingereza, na papo hapo anasimama. Anatazama mbele, anatazama nyuma, kisha anapita kwa hatua za haraka.

"Vipi, bingwa? Magoti hayajambo leo?" anauliza Bi Hannah Fereday, bibi wa miaka themanini, kutoka dirishani.

"Hayajambo, mama. Yamenyooka."

Anacheka, lakini mkono wake umekwenda mbavuni.

Enoch, miaka 57, amepeleka barua mitaa hii kwa miaka thelathini na mmoja. Jumamosi, katika chumba cha juu cha baa moja, hufundisha ngumi za kizamani, zile za mkono mtupu walizopigana wachimba makaa na wafua misumari wa huku kabla glavu hazijaingia. Alifundishwa na babu yake, naye babu alifundishwa na babaye. Wanafunzi wengi ni wanawake wanaotaka kujihami. Ada ni pauni nne, chai bure.

"Glavu zimewaharibu watu," anasema akizamisha ngumi katika ndoo ya maji ya chumvi, dawa ya kale ya kukomaza ngozi. "Ukimpiga mtu kwenye paji la uso bila glavu, unavunjika wewe. Piga chini ya mbavu. Piga taya. Akirusha ya kichwa, inamisha utosi, mwache aumie mwenyewe."

Ngumi hizo zilikuwa na adabu yake. Mstari ulichorwa katikati, wapiganaji wakakutana hapo. Goti la mtu likigusa ardhi raundi imekwisha, naye anapewa nusu dakika apumue. Anayempiga aliyeanguka ameshindwa, tena ameaibika mbele za watu. Ukutani mwa chumba babu aliandika kwa rangi nyekundu: ALIYEANGUKA HAPIGWI.

Basi Enoch akawafundisha wote hivyo. Ukizidiwa, piga goti, vuta pumzi, inuka. Miaka ishirini na miwili, watu sitini na wanne.

Machi mwaka huu, mchana kweupe, mwanamume mmoja alimkabili kichochoroni akitaka kifurushi. Enoch alisimama kizamani, mgongo wima, ngumi mbele, akamchapa mbili za mbavu. Yule akampiga kikumbo. Enoch akayumba, kisha akafanya jambo ambalo hata leo akilisimulia macho yanamtoka.

"Nikapiga goti," anasema. "Tena vizuri, kama nilivyofundishwa. Nikaanza kuhesabu. Nimefika nne, naona kiatu kinakuja usoni. Unajua niliwaza nini? Niliwaza, huyu bwana hajui sheria?"

Mbavu tatu, meno mawili, wiki sita nyumbani kwa nusu mshahara. Kifurushi chenyewe kilikuwa cha Bi Fereday: viatu vya sufu vya kuvaa ndani.

Lakini si teke lililomwacha kinywa wazi. Ni binti yake Thirza, muuguzi anayezunguka peke yake nyumba kwa nyumba kuwafunga wagonjwa vidonda. Alikuja hospitali, akamsikiliza hadi mwisho, halafu akasema kwa utulivu kabisa, "Hata mimi ningepiga goti, baba."

"Hapo ndipo nilipoogopa," anasema Enoch. "Kila siku anabisha hodi kwa watu asiowajua. Nilianza kumfundisha ana miaka sita. Samaki nimemkunja angali mbichi, sasa nitamkunjuaje?"

Alipotoka hospitali alimjaribu. Thirza anakoroga njegere jikoni, babaye akamsukuma kwa nyuma. Akapiga goti, mwiko mkononi. Juma lililofuata akamsukuma bustanini. Goti. Akamsukuma mlangoni mwa kanisa. Goti tena.

"Mchungaji alidhani nimeokoka," anasema Thirza.

Enoch akaketi akaandika barua sitini na tatu kwa wengine wote, nyingi akazipeleka mwenyewe. Zilisema jambo moja: nilikosea, usipige goti, kimbia. Majibu yalikuja, mengi ya utani. Moja halikuwa la utani. Lilitoka kwa mwanamke wa duka la mikate, ambaye Enoch ameomba tusimtaje jina, na lilikuwa na sentensi mbili. "Nilipiga goti, mwaka juzi. Sikukwambia kwa sababu nilidhani nimekosea mimi."

Anatembea na barua hiyo mfukoni. Akiitoa, anaikunjua polepole kwa mikono ile ile ya maji ya chumvi.

"Miaka miwili anajilaumu yeye," anasema. "Na mimi napita dukani kwake kila siku, habari za asubuhi, habari za asubuhi. Ana kovu hapa, juu ya jicho. Nilimuuliza, akasema kajigonga kwenye mlango wa tanuri. Nikaamini. Mimi, mwalimu wa ngumi."

Siku hiyo hiyo akalifunga darasa. Akaapa halifunguliwi mpaka binti yake abaki wima.

Jumamosi hii, katika chumba kile kile cha juu ya baa, Thirza ameinama sinkini kujaza birika la chai. Enoch anaweka kidole mdomoni, ananyata, anamsukuma kwa nguvu. Birika linaanguka, maji yanatapakaa. Goti la Thirza linakunjika, linashuka, linashuka, linafika shibiri moja juu ya mbao za sakafu. Haligusi. Mguu wa nyuma unapiga hatua, anageuka, na ngumi yake inamwingia babaye chini ya mbavu, upande ule ule uliovunjika.

Enoch Tranter anapiga goti.

Thirza anamtazama akihema, uso umempauka kana kwamba yeye ndiye aliyepigwa.

"Baba, inuka."

"Nusu dakika."

"Hakuna nusu dakika. Inuka."

Anainuka. Anashika ukuta, anafuta macho kwa mkono wa shati, wala hajifichi.

Darasa litafunguliwa Jumamosi ya kwanza ya Septemba. Somo la kwanza ni kubaki wima na kujua mlango uko wapi. Kesho kutwa, kabla ya kugawa barua, Enoch atapitia duka la mikate. Safari hii hatasema habari za asubuhi tu. Ataomba radhi ana kwa ana, kisha atamwomba yule mama aje kumsaidia kazi moja, akikubali. Kopo la rangi nyekundu ameshalinunua, na brashi.

"Maneno ya babu siyafuti," anasema akiutazama ukuta. "Ni maneno mazuri. Nataka yeye aongeze chini yake, kwa mkono wake mwenyewe."

Aongeze nini?

"Humu ndani tu."