Hakuna Aliyemwamkia Mama Mkwe

Ninyi vijana wa kwaya na wa jumuiya mtakaosoma haya, kaeni kitako kwanza. Sina maneno ya kupamba, wala sina matumaini makubwa kwamba mtasikia. Wazazi wenu niliwaambia, hawakusikia. Hata hivyo nitasema, maana nikinyamaza, jambo hili litazikwa nami.

Ipo siku moja ambayo hunirudia kila nikipepeta uwele. Nilikuwa mke mgeni, nimeolewa juzijuzi huko upande wa Ilongero. Tulikaa kwenye tembe, zile nyumba za paa la udongo, na juu ya paa ndiko tulikoanika kila kitu. Mama mkwe wangu alikuwa mgonjwa wa uvimbe kooni. Ugali na mlenda vilimshinda, hata uji ukizidi uzito ulimkaba. Kilichoshuka ni togwa tu, ile nyepesi ya kimea cha uwele.

Mwanangu, kimea hakiharakishwi. Unaloweka nafaka, unaifunika, unangoja iote, unaianika ikauke, ndipo usage. Mvua ilikuwa imetukatikia mwaka ule, na uwele niliouotesha ndio ulikuwa wa mwisho ghalani. Nikauanika juu ya paa, na kila mpita njia akauona. Na kwetu, kimea kikionekana juu ya paa la Mkristo, watu hawana swali. Hapo panapikwa pombe.

Wakati huo kanisani kulikuwa na uamsho, na akina mama walikuwa wamewaka moto. Jumapili moja baada ya ibada nilikuwa kisimani nikasikia wimbo unaelekea kwetu. Nikafurahi. Nikadhani wamekuja kumwombea mgonjwa wangu, nikaongeza mwendo na ndoo kichwani nisije nikakosa maombi.

Nilipofika uwanjani, chungu cha togwa iliyobaki kilikuwa kimelala ubavu, nayo inanywewa na vumbi. Kimea cha juu ya paa walikuwa wamekifagilia chini, kuku wanadonoa. Aliyewaongoza, Mama Naomi, alikuwa anajifuta mikono kwenye khanga.

"Mke wa Eliya," akaniambia, "tumewasaidia. Leo shetani kakosa pa kulala."

"Mama, ile si pombe. Ni togwa ya mgonjwa."

"Pombe zote utotoni huitwa togwa!" mwenzake akadakia, wakacheka. "Muacheni, bado mgeni, anamfichia mkwewe."

Nilikuwa nimepiga magoti. Mke mgeni habishani na mama zake. Wakaomba sala ndefu, wakaondoka na wimbo wao.

Walipopotea njiani nikachukua mchi. Mama mkwe akaniita kutoka ndani, sauti kama ya mtu anayesema ndani ya mtungi.

"Unakwenda wapi na mchi wangu?"

"Kwa Mama Naomi."

"Kufanya nini?"

"Nikifika nitajua hukohuko."

Akacheka, kicheko kikamkaba, nikamshika mgongo. Alipopata pumzi akasema, "Basi na wewe ni mwenzao. Keti."

Nikaketi.

"Wameimba, wameomba, wameondoka. Mimi nilikuwa hapahapa kitandani. Hakuna aliyeniamkia. Mmoja tu angesema shikamoo, ningeitikia, angeisikia sauti yangu ilivyo, angeuliza, mama unaumwa nini? Yangeishia hapo." Akautazama mchi. "Na huyo unayemfuata na mchi, mumewe walimuulia kilabuni, kwenye pombe. Ulijua?"

"Sikujua, mama."

"Hukuuliza. Mwenye kovu usidhani kapoa. Rudisha mchi."

Nikaurudisha. Lakini mgonjwa hali msamaha. Kesho yake nilikwenda kwa mpika pombe wa kijiji, mwanamke ambaye kanisani hatajwi isipokuwa kwa kuombewa. Sikumaliza hata kueleza, akaniuliza, "Anameza vizuri asubuhi au jioni? Maji yanapita?" Huyo ndiye aliyeuliza. Akanijazia bakuli la kimea, akanisindikiza hadi njia panda.

Nilipika. Mama mkwe alilowesha ulimi tu, koo lilikuwa limeshafunga. Tukamzika kabla wiki haijaisha.

Sisemi walimuua. Uvimbe ulikuwa wake. Nasema siku zake za mwisho alishinda na njaa, na njaa ile iliingia nyumbani kwetu na wimbo wa Bwana. Mama Naomi alikuja msibani, akajitupa chini, akalia hadi watu wakamwinua. Nilimsamehe, na kweli nilimsamehe. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mume wangu Eliya hakukanyaga tena kanisani, na nilimzika hivyohivyo. Niliomba miaka yote ile arudi. Sijui Mungu alilipokeaje ombi langu.

Sasa nipo huku Unyambwa kwa wanangu, nimezeeka, naona yaleyale. Mwaka huu binti mmoja wa kwaya alikosa mazoezi. Mtu akaandika kwenye kundi la simu kwamba ana mimba, na mjukuu wangu mwenyewe akalipeleka neno hilo mbele. Binti alikuwa anamuuguza baba yake. Wenzake walipojua, wakamwandikia pole. Pole ya simu! Kwayani hajarudi, na akipita hapa barabarani anatazama upande mwingine. Akina Mama Naomi angalau walitembea kwa miguu. Haraka yenu haihitaji hata miguu.

Mwanangu, Bwana Yesu alisimamishwa na kipofu njiani. Macho yale yasiyoona alikuwa anayatazama, na bado alimuuliza, unataka nikufanyie nini? Yeye aliuliza, wewe nani usiulize? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bidii ya dini isiyo na masikio ni fimbo mkononi mwa kipofu, inampiga hata mama yake. Ukiona kosa la mtu, jua umeona paa tu, ndani hujaingia. Na siku utakapokuwa na hakika kabisa kwamba unajua, siku hiyo ndiyo ujiogope.

Mungu awape subira ambayo sisi hatukuwa nayo. Awalinde na wanaowapenda kwa haraka. Na binti yule, popote alipo, Mungu amtumie mtu wa kumsikiliza.

Wa nyumbani kwangu nimeshawaambia, na si ombi. Habari ya mtu ikikufikia, funga simu, vaa viatu, nenda kwake. Piga hodi ungoje ukaribishwe. Mwamkie, keti, uliza hali, kisha nyamaza hadi amalize. Asiyeweza hayo, asilitaje jina la mtu huyo ndani ya nyumba hii, hata kwenye maombi.