King'ora Kilichoachwa Nje

Anastazia, mjukuu wa fundi reli wa pale Kilosa mjini, alikuwa na akili ya kompyuta. Hilo hakuna anayembishia. Ndiye aliyeunda programu ya kutahadharisha mafuriko, akaifunga kifurushi kimoja na kwenda kuiweka mwenyewe kwenye kompyuta za maghala ya mpunga. Maji yakipanda huko juu mtoni, maandishi mekundu yanatokea kwenye kioo cha kompyuta ya ghala.

Sasa, kabla ya kufunga kifurushi, mfungaji huchagua kinachoingia na kinachobaki nje. King'ora akakiacha nje ili kifurushi kiwe chepesi. Akaandika kwenye maelezo: anayetaka sauti aijenge programu upya, awashe chaguo la nne. Jamani! Nani huyo wa kijiji cha Tindiga, kwenye maghala hayo, wa kujenga programu upya katikati ya palizi?

Mwezi wa nne, saa tisa alasiri, maandishi yakatokea. Mzee Mwinshehe, mtunza ghala, alikuwa kibarazani anashona magunia, hatua kumi tu kutoka kwenye kompyuta. Hakusikia kitu, maana hakukuwa na cha kusikia. Mkewe, Bi Mwanahawa, alikuwa anapalilia mpunga kando ya mto. Walimpata kesho yake.

Anastazia alifika msibani, akamwendea Mzee Mwinshehe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, king'ora nilikiacha nje mimi. Niliandika kwamba mkikitaka mtakiweka."

Mzee hakufoka, na heri angefoka. "Ulituletea kitu tukakipokea kwa mikono miwili. Mgeni akikuwekea kitu chake, unaanza kukichokonoa akishaondoka? Hiyo si adabu. Tulikiacha ulivyokiacha."

Anastazia alilia njia nzima hadi Kilosa. Siku zote alidhani anawaachia watu wachague, kumbe alishawachagulia. Akaifungua ile faili ya machaguo ya kifurushi. King'ora kikaingia ndani, kwa kila atakayeiweka programu. Asiyekitaka ndiye ahangaike kukitoa. Kifurushi kikawa kizito mara mbili. Na kiwe kizito!

Wiki iliyofuata akakiweka ghalani, akamwambia mzee anataka kukijaribu. Mzee akaitikia kwa kichwa, akaendelea kushona. Mlio ulipotoka, watu wakaacha majembe. Mzee Mwinshehe akadondosha sindano, akasimama, akageukia mtoni na kuita kwa nguvu zake zote: "Mwanahawa! Toka, mama, toka huko!"