Maandishi Mekundu kwenye Uso wa Ndayambaje

Kazi ya Kaswera ilikuwa kuwavalisha wafu suti. Unamtumia kwa simu picha ya baba yako, kashika chupa ya bia kwenye arusi ya watu, kofia upande, na nyuma yake mbuzi. Kesho yake unarudishiwa mzee mtulivu mwenye tai, mbele ya anga la buluu, bia na mbuzi wote wametoweka. Picha hiyo ndiyo inayobebwa mbele ya jeneza. Goma ina watu ambao hawakuwahi kumiliki hata tai ya mtumba, lakini kwenye picha ya Kaswera walizikwa wamefunga ya hariri.

Alizaliwa Butembo, akaolewa Goma, akafiwa na mume, akabaki na chumba mtaani Majengo na kompyuta moja. Wateja wake wengi hakuwahi kuwatia machoni. Walimpata mtandaoni, wakalipa kwa simu, basi.

Mwaka wa 2021 volkano ilipolipuka na watu wakaambiwa wahame, alikimbilia Sake na kompyuta mgongoni, akalala kwenye sakafu ya kanisa. Huko ndiko mtu aliyejiita Mchungaji Nizeyimana alimwandikia. Alisema ana picha za watoto tisa waliokufa kwa moto wa mlima. Familia zinataka kuwazika kwa heshima, mawakala wa pesa wamefunga, atalipa mambo yakitulia. Nani angedai malipo ya mbele wiki ile? Kaswera alizitengeneza zote tisa, akipokezana jenereta ya kanisa na watu wenye simu za kuchaji, na alilia tangu ya kwanza hadi ya tisa.

Baada ya wiki tatu, akiwa amesharudi mjini, mama mmoja alimjia mlangoni kamshika mkono binti wa miaka sita, mzima kabisa, anatafuna muwa. Picha ya binti huyo ilikuwa inazunguka mtandaoni katikati ya wafu tisa, ikiombewa misaada, na chini pembeni ilikuwa na jina: Kaswera Photo.

"Mama, nilikukosea nini, juu ya nini umeua mutoto yangu?" aliuliza yule mama.

Mtaa mzima ulisikia. Kaswera akaitwa mla maiti, na huyo Nizeyimana alikuwa amekwisha kuzima simu.

Aliyemtetea alikuwa Donat, muuza jibini la Masisi, na alikuwa na sababu yake. Yeye aliwahi kutoa mabonge kumi ya jibini kwa ujumbe wa malipo ambao mteja aliuandika mwenyewe. Wawili hao wakaanzisha kikundi cha simu, wakaingia mafundi cherehani, wafasiri, wachora nembo, kila anayemfanyia kazi mtu asiyemwona. Namba ya tapeli ilibandikwa humo watu wote waione. Na kanuni ilikuwa moja: kazi safi haitoki kabla ya malipo, hadithi ya mteja iwe ya kuliza namna gani. Kila mmoja alikuwa na kufuli lake. Wafasiri walituma ukurasa mmoja na kuruka mmoja. Kaswera yeye alipitisha maandishi mekundu juu ya uso wa marehemu, kutoka paji hadi kidevu: NON PAYÉ, haijalipiwa. Ukilipa, yanatoka. Watu walinung'unika, lakini kwa miaka mitatu na nusu hakuna mwanakikundi aliyelizwa tena, na hilo si jambo dogo.

Halafu ikaja Januari 2025, waasi wakaingia mjini. Umeme, maji na mtandao vilikatika. Benki zilifungwa na hazikufunguliwa. Akienda ziwani kuchota maji Kaswera alipita kando ya maiti, akaangalia mahali pa kukanyaga, akaendelea. Alishangaa kwamba hakuogopa wala hakuhuzunika. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mtandao uliporudi, ujumbe wa kwanza wa kazi ulitoka mji wa Kiwanja, kaskazini mwa Goma, kwa mwanamke aitwaye Nyiransengimana. Alituma picha ya kijana anacheka juu ya pikipiki, na sauti yake mwenyewe, tulivu.

"Mama, huyu ni mutoto yangu Ndayambaje. Walimupiga risasi mu barabara, karibu na Rumangabo. Tunamuzika kesho saa nane. Banki zimefungwa, na ba wakala hapa hawana franga mu simu. Utengeneze picha, nitalipa reseau ya simu ikikaa muzuri. Mimi si mwizi, mama."

Kaswera aliisikiliza mara mbili. Pesa hazipatikani, atalipa mambo yakitulia: maneno yalikuwa karibu yaleyale ya Sake. Akampigia Donat.

"Règlement ni règlement," Donat alisema, yaani kanuni ni kanuni. "Ukivunja wewe mwenye kuiandika, kesho nitawaambia nini wengine?"

Picha aliitengeneza vizuri. Aliondoa pikipiki, akampa kijana suti ya kijivu, kicheko akakiacha. Kisha akapitisha wekundu usoni, akatuma. "Ukilipa nakutumia safi palepale, mama," aliandika.

"Sawa, mama," Nyiransengimana akajibu.

Matapeli hubembeleza, hutukana, hukutajia Mungu. Huyu alisema sawa. Kaswera alijua hapohapo kwamba mama huyu ni mkweli, na bado muda ulikuwepo, kubonyeza mara moja tu. Hakubonyeza. Alifunika kompyuta akaenda kutafuta makaa.

Siku kumi na tisa baadaye pesa ziliingia kwenye simu, dola nane kamili, bei yote ya picha. Akatuma picha safi dakika ileile, kama alivyoahidi. Ikamrudia sauti.

"Asante, mama. Tulimuzika na ile picha ingine. Wenye kujua Kifaransa walisoma ile maandishi rouge, wakawaza Ndayambaje amekufa na deni. Muzee mumoja akatoa kofia, watu wakachanga palepale ku kaburi, wengine walitoa hata franga mia mbili. Nilibaki natafuta wakala mwenye kuwa na franga mu simu. Ni hiyo nimekutumia."

Kaswera alikaa. Alisubiri machozi, hayakuja. Akazirudisha zile dola nane kwa namba iliyozituma.

Haikupita saa moja, zikaingia tena kwenye simu yake, na sauti juu yake.

"Hapana, mama. Watu walitoa ili mutoto asiende na deni. Nikisema umekataa, watawaza deni ingali iko. Ubaki nazo."

Kikundi kilikuwa na desturi: mteja aliyewekwa kwenye orodha ya kuangaliwa akimaliza kulipa, inatangazwa, namba yake itolewe. Namba ya Kiwanja Donat alikuwa ameiweka tangu siku ile Kaswera alipompigia. Kaswera akaandika, "Wa Kiwanja amelipa."

Donat akajibu kwamba wameona wenyewe, kanuni inafanya kazi.