Simu kwa Ajili ya Masikio

Kosa lenyewe ni hili: kumnunulia mtu kitu cha kumsaidia bila kumuuliza anachohitaji, kisha kuuita ukimya huo upendo. Nimeliona kosa hilo katika harusi, katika hafla za kustaafu na katika ziara za kuwajulia hali wagonjwa, na kila mara lilikuwa limefungwa kwa karatasi inayometameta. Mara hii nililiona katika kwaya ya kanisa letu, nami nikiwa mwenyekiti wa kamati.

Mwalimu wetu wa kwaya anaishi mtaa wa Pipeline, ghorofa ya sita, katika jengo lisilo na lifti. Tangu nyonga yake iharibike, hashuki ila anapokwenda hospitali. Kwaya haikutaka kumwacha, naye hakutaka kuachwa, kwa hiyo tulibuni utaratibu. Jumamosi tunafanya mazoezi kanisani, tunajirekodi, tunamtumia rekodi hiyo kwa simu, naye huisikiliza akiwa kitandani na kutuambia ni nani aliyepotoka na wapi. Binti yake anayefanya kazi Uarabuni alikuwa amemletea visikilizi vya masikioni visivyo na waya, vidogo kama punje za maharagwe, vyenye ubora ambao wengi wetu hatukuwa tumewahi kuuona.

Hata hivyo, simu yake ilikuwa ya zamani. Sauti ilikatika, na iliporudi ilikuja imevurugika. Mwishowe alituma ujumbe kwamba hawezi tena kuitofautisha sauti ya tatu na ya nne, na kwamba ingefaa tutafute mwalimu mwingine kabla ya Krismasi. Wengi walisema ni uzee. Mweka hazina wetu, mama mmoja wa mtaa wa Donholm anayeimba sauti ya kwanza, alisema ni simu, na katika hilo alikuwa sahihi. Tukachanga. Kisha akaongeza kwamba jambo hili liwe siri hadi siku ya kukabidhi, ili mwalimu ashtuke na picha zipendeze. Kamati nzima iliafiki. Sikupinga.

Katika sauti ya pili yuko mama mmoja, muuza mitumba, ambaye wanakwaya wamempa jina la Redio, kwa sababu hakuna neno lililoingia sikioni mwake likalala humo. Nilikuwa nimemkemea hadharani zaidi ya mara moja. Tuliamua asijue chochote kuhusu simu hiyo, na bila shaka alijua kabla ya wiki kwisha.

Siku ya kununua tulikutana katika duka moja la simu Donholm. Mweka hazina alikuwa ameshaichagua: simu yenye kamera nne mgongoni, inayong'aa kama kigae kipya. Aliishika kifuani akaniuliza ingeonekanaje pichani. Niliuliza kuhusu sauti. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alicheza wimbo kwa spika ya simu hiyo hadi wapita njia wakageuka. Mweka hazina alisema huo ndio ushahidi, nami nikakaribia kuridhika. Ndipo Redio alipoingia, anahema, mkononi ameshika kitambaa kilichofungwa fundo.

"Mwenyekiti, kabla hujanikemea, nimeshamwambia mwalimu," alisema. "Nilienda kumsalimia, mke wake akaniwekea chai, na habari ikatoka yenyewe. Nikamuuliza angependa simu ya namna gani."

Mweka hazina alicheka bila furaha. "Redio haiishiwi betri."

"Haiishiwi, dada. Na leo imekuletea ujumbe."

Alifungua fundo. Ndani mlikuwa na visikilizi vya mwalimu. Ujumbe wake ulikuwa wa adabu lakini wazi: ikiwa kweli tunamnunulia simu, basi ijaribiwe na visikilizi hivyo, si na spika ya dukani. Binti yake alikuwa amemweleza kwamba sauti inayosafirishwa bila waya hubanwa kwanza ili ipite hewani, na kwamba ziko njia kadhaa za kuibana, nyingine zikiihifadhi vizuri zaidi kuliko nyingine. Simu na visikilizi sharti vyote viwili viijue njia iliyo bora. Kimoja kisipoijua, vyote hurudi kwenye ile ya kawaida, hata kama kingine kiligharimu bei ya ng'ombe.

Muuzaji alikubali kwamba ndivyo ilivyo. Aliviunganisha visikilizi na ile simu ya kamera nne, akafungua mipangilio: njia bora haikuwamo. Akachukua simu nyingine kutoka rafu ya chini, nyeusi, isiyong'aa, yenye bei ya karibu hiyo hiyo, na humo ikaonekana, pamoja na kitufe cha kuiwasha. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia tangu mwanzo. Alijibu kwamba tulianza kwa kuuliza kuhusu picha.

"Hii watu watasema tumenunua ya rahisi," mweka hazina alinong'ona.

Sikutaka kubishana juu ya kitufe, wala juu ya maneno ya watu. Niliona ni heri simu zote mbili zipelekwe kwa mwenye masikio. Muuzaji alikubali kutuazima, nami nikamwachia amana pamoja na kitambulisho changu. Tulipofika Pipeline, Redio alitangulia ngazini akizungumza na kila aliyekuwa akifua au kukaanga kitu mlangoni. Mweka hazina alipumzika katika kila ghorofa, akijifanya anasoma ujumbe.

Mwalimu alivaa visikilizi, akafumba macho. Hatukumwambia simu ipi ni ipi. Tulimchezea rekodi ya Jumamosi iliyopita kwa simu ya kwanza, akaitikia kwa kichwa na kusema ni nzuri, kama mtu anayesifu chakula cha ugenini. Tukahamia ya pili, ile nyeusi. Baada ya kitambo kidogo akainua mkono.

"Rudisha hapo."

Nikarudisha.

"Katika sauti ya tatu kuna mtu anayeingia kabla ya wenzake. Anavuta pumzi, halafu hangoji." Alifumbua macho akanitazama. "Ni wewe, mwenyekiti."

Mke wake alijifunika mdomo kwa kanga. Redio hakujifunika chochote.

"Kwa hiyo utaendelea kutufundisha?" mweka hazina aliuliza, na niliona kwamba tangu asubuhi hilo ndilo lililomtia hofu, chini ya mambo yote ya picha.

"Sasa ninamjua wa kumkaripia," mwalimu alisema. "Niache kwa nini?"

Haki inanidai niongeze kwamba nami nilivivaa visikilizi hivyo, nikasikiliza simu zote mbili, na sikuona tofauti. Simshauri kila mtu ajigharimie kwa sababu ya kitufe kimoja. Tulinunua kwa masikio ya mtu mmoja maalumu, kwa kazi moja maalumu. Hata hivyo, njia hiyo bora ina udhaifu wake. Usiku wa kwanza sauti ilikatika, maana hewa ya jengo lile imejaa mawimbi ya vifaa vya majirani, mpaka mwalimu alipoitoa simu chini ya mto na kuiweka kifuani. Nasi tuliacha kutuma mazoezi kama ujumbe wa sauti, ambao huibana sauti kupita kiasi. Sasa tunatuma faili nzima, kwa kuwa hakuna kisikilizi kinachoweza kurudisha kilichokwisha kuondolewa.

Simu nyeusi ilikabidhiwa Jumapili, pale pale kitandani, ikiwa ndani ya sanduku lake, na picha zilipendeza. Maoni yangu kuhusu umbea sijayabadili. Habari ile ingekuwa ya mtu mwingine, ingeweza kuvunja nyumba. Lakini mwenyekiti hupaswa kushukuru kwa haki, si kwa mazoea. Nilimshukuru Mungu, nikawashukuru waliochanga, nikamshukuru mweka hazina aliyegundua kwanza kwamba tatizo ni simu. Kisha, huku nikimwona muuza mitumba wetu ameinamisha kichwa akingoja kukemewa tena, nikamtaja yule aliyemuuliza mwalimu kabla yetu sote: Redio.