Banda Jeupe la Mama Wiliam

Bernadina, au Mama Wiliam, hulea vifaranga pale Masumbwe. Watu humletea vikiwa vichanga kabisa, naye huvilea mpaka viote manyoya. Kazi hiyo haitaki mzaha; ukizembea mara moja tu, jina lako limekwisha.

Jumapili moja ya mvua alitoka kanisani, akafungua banda. Mwanga ulikuwa mweupe pee! Lakini vifaranga vya Sesilia, jirani mjane asiye na mradi mwingine, vilikuwa vimerundikana pembeni, vinapandiana, vya chini havitikisiki. Akaishika globu ya kuvipasha joto. Baridi!

"Baba Wiliam! Nani kagusa globu zangu?"

Ndaki, mumewe, alikuwa amerudi jana yake kutoka kwenye mashimo ya dhahabu. Akaja anatabasamu, maskini ya Mungu.

"Nimebadilisha nyumba nzima. Hizi hazili umeme. Zile zako zilikuwa zinamaliza umeme wa Luku bure, halafu zina moto hata hazishikiki."

"Huo moto ndio niliokuwa nautaka! Ziko wapi?"

"Nimezitupa chooni."

Jamani, mwanamume huyu! Kuuliza tu kungempunguzia nini? Bernadina alikasirika, lakini vifaranga havikungoja ugomvi. Akawasha mkaa, ukatoa moshi tu kwa unyevu. Akaupepea kwa ungo, machozi yakimtoka, huku Ndaki akiingiza vifaranga ndani ya shati lake, kimoja kimoja, tabasamu limemwisha. Mkaa uliposhika, wakautia kwenye chungu, wakakiweka katikati ya banda na kufungua dirisha moshi utoke. Vingine vilianza kulia. Vingi havikulia.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya Sesilia.

Ndaki akamshika mkewe mkono. "Mwambie umeme ulikatika," alinong'ona. "Nani atabisha?"

Kweli, Masumbwe nzima ingeamini. Bernadina aliliogopea jina lake. Akautoa mkono wake, akafungua mlango.

"Umeme haukukatika, shoga," alisema kabla ya salamu. "Tumeviua sisi. Ingia uone vilivyobaki."

Sesilia alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika, akavitazama vilivyokufa. Kisha akachutama kando ya chungu, akavua kanga ya begani na kuanza kuvifunika vilivyo hai.

"Baba Wiliam," alisema bila kuinua kichwa, "kalete mkaa mwingine."

Ndaki alitoka mbio kwenye mvua.