Nyanya Zilizoshiba

Minyanya ya Panki ilikuwa mizuri hadi ikamtia wasiwasi. Ilisongamana kwenye ndoo za rangi juu ya paa la nyumba ya kupanga, mashina manene kama kidole gumba, majani mapana, kijani chake kimekolea hadi kukaribia weusi, ncha zimejikunja kwa ndani. Wapangaji waliopanda kuangalia tangi la maji waliyapapasa majani yale kama watu wanaochagua kitambaa dukani.

"Mkono wako una baraka, mzee," walimwambia.

Panki aliitikia ahsante. Wakishashuka, aliinama na kupekua katikati ya majani akitafuta kitu ambacho hakuna aliyekiulizia: nyanya. Hata moja haikuwepo.

Panki ni kinyozi. Jina alilipata kwa mtindo wa nywele uliompa sifa ujanani. Mtindo umekufa, jina limebaki. Mwaka huu mkono wake wa kulia ulianza kutetemeka. Mwanzoni kidogo tu, kama wa mtu aliyetua mzigo sasa hivi. Halafu wembe ukamchana mteja nyuma ya sikio. Mteja alisema si kitu, lakini aliporudi tena alikaa kwenye kiti cha kinyozi mwenzake. Wengine wakamfuata. Hakuna aliyemsema Panki, na huko kutosemwa ndiko kulikomuuma.

Ndipo akaenda kwa mama mwenye nyumba kumwomba paa. Alitaka kupanda nyanya, na zikikubali, aache wembe kabla wembe haujamwacha. Mama mwenye nyumba ni mjane asiye na maneno mengi.

"Panda," alimjibu. "Msimu ukiisha nitakuja kuona. Nikikuta nyanya, paa lako. Nikikuta majani, nafunga kamba za nguo, na usije ukaninunia."

Sasa msimu ulikuwa ukingoni, na kilichokuwepo ni majani.

"Labda ni madume," alisema mkewe, ambaye hufua mashuka hospitalini na hakosi neno.

"Mnyanya hauna dume wala jike."

"Basi uulize wenyewe unataka nini."

"Nimeulisha, nimeunywesha. Sasa nifanye nini, niuimbie?"

"Kwa sauti yako hiyo? Utakauka."

Panki hakucheka. Alikuwa amejaribu kila alichokijua. Alipozidisha maji, maua machache ya manjano yalichomoza, yakapukutika kabla hayajafunga tunda. Alipopunguza maji, yakapukutika vilevile. Akaamua kwamba mimea ina njaa, akainunulia mbolea ya kukuzia. Ikakua. Ilikua wima, ikakua ubavuni, ikatoa machipukizi kwenye kila kwapa la jani, na maua yakazidi kuadimika. Mtu akilishwa akazidi kukonda, anajulikana ni mgonjwa. Mnyanya huu ulilishwa ukanenepa, na bado haukuzaa. Ugonjwa gani huo?

Alichuma jani moja akalipeleka kwenye duka la pembejeo. Muuzaji, mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliligeuza mara mbili.

"Huyu hana njaa, kaka yangu. Huyu ameshiba kupita kiasi."

"Ameshiba halafu hazai?"

"Ndiyo maana hazai. Mbolea ya kukuzia inajenga majani na shina. Ikipungua, majani ya chini yanageuka manjano, mmea unadumaa. Ikizidi, mmea unasahau maua, unaendelea kujinenepesha tu. Wa kuzaa unataka chakula kingine. Umempa kiasi gani?"

"Mara moja. Kifuniko cha chupa kila ndoo."

Muuzaji akaligeuza jani tena. Kifuniko kimoja, alisema, hakiwezi kufanya hivi peke yake. "Kuna kingine unachompa. Samadi?"

"Hapana. Udongo, maji, na zile nywele."

"Nywele zipi?"

"Za wateja."

Muuzaji alivua miwani. Panki akaeleza, huku akishangaa kwamba jambo hilo linahitaji maelezo. Wazoa taka hukataa nywele kwa sababu upepo huzirudisha barabarani. Kwa hiyo alipokuwa akijaza ndoo alizifukia: tabaka la udongo, tabaka la nywele. Kila wiki aliongeza nyingine juu, akafunika. Aliona ni usafi.

Muuzaji alicheka hadi akashika meza. "Kaka, nywele ni mbolea! Zikioza zinatoa kilekile kinachojenga majani. Umewalisha vichwa vya mtaa mzima!"

"Nywele ni chakula?" Panki aliuliza. Miaka yote amezifagia kama taka.

"Chakula, tena kizito. Wapandikize kwenye udongo mtupu, punguza machipukizi, halafu nitakupa mbolea ya maua."

"Watazaa lini?"

"Hapo usinibane. Sijawahi kuona mtu aliyefanya ulivyofanya."

Alianza na ndoo za upande wa tangi. Alichimbua mabonge meusi yaliyonasa mizizi, akayatupa, akapandikiza mimea na kuyakata machipukizi kwa mkasi wa kazini. Kufikia jioni mimea hiyo ilikuwa imelala, majani yake yamening'inia kama nguo zilizoloa. Siku zilizofuata majani ya chini yaliparara na kuanguka. Upande wa pili, ambao alikuwa bado hajautibu, uliendelea kung'aa. Panki alisimama katikati asijue ni upande gani amekosea.

Mama mwenye nyumba alipopanda alikuwa na kamba begani. Alipita kwenye minyanya minene, akaitazama kwa kuridhika kidogo, kisha akafika upande wa tangi.

"Na hii umeifanya nini?"

"Hii ndiyo niliyoitibu, mama."

"Na ile?"

"Ile ndiyo mgonjwa."

Alimtazama Panki, akaitazama mimea, akamtazama tena. "Kwa hiyo nzuri ndiyo mbaya, na mbaya ndiyo nzuri."

"Nimeambiwa hivyo."

"Wewe mwenyewe unaamini?"

Panki alitaka kusema ndiyo. "Sijui, mama. Nyanya sijaiona kwenye ile wala kwenye hii."

Jibu hilo mama mwenye nyumba hakulitarajia. Alizungusha kamba mkononi. "Nilisema nikikuta majani nafunga. Lakini hukunidanganya. Nusu ya paa naichukua leo, nusu nakuachia msimu mmoja mwingine. Chagua."

Panki aliichukua nusu ya upande wa tangi. Mama mwenye nyumba akatikisa kichwa, akaanza kufunga kamba.

Wapangaji walizigombea ndoo za upande wa pili. Panki aliwaambia kwamba minyanya hiyo haizai, wakadhani anazionea uchungu. Mkewe, aliporudi kazini, alikutana nazo ngazini zikishuka moja baada ya nyingine. Alimkuta mumewe amechuchumaa karibu na tangi, akifunga mnyanya uliolegea kwenye kijiti.

"Zile zilizopendeza umezigawa, ukabaki na hizi?"

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Nisaidie kushika hapa kwanza," alisema. Mkewe akaweka mkoba chini, akalishika shina.